Je, Wajua? Siri Zilizofumwa Ndani ya Joka la Kroshia

Mpenzi wako akikupa joka dogo la kroshia, lenye kichwa kikubwa, tumbo la mviringo na vibawa viwili mgongoni, usikimbilie kuliweka kabatini. Ndani ya kile kinyama cha uzi kuna hesabu iliyowakosesha usingizi wanahisabati kwa karne nyingi, kuna twiga wa Malindi, kuna utomvu mwekundu kutoka kisiwa cha Bahari ya Hindi, na kuna mambo mengine matamu ambayo sikuweza kuyanyamazia. Haya, tulifumue kitanzi baada ya kitanzi.

Hakuna kiwanda kinacholifuma

Sweta la dukani limefumwa na mashine. Soksi, zulia, hata pazia la nyavunyavu, yote mashine. Kroshia imegoma! Watafiti wamejaribu vielelezo vya mashine maabarani, lakini mwanasesere wa kroshia anayeuzwa sokoni, awe Kariakoo au Paris, amepita mikononi mwa mtu. Sababu ni kwamba sindano ya kroshia hubeba kitanzi kimoja tu kilicho hai, kisha kila mara ncha yake iliyopinda hutafuta tundu jipya la kupenya, mbele, nyuma au ubavuni. Vidole hulipapasa tundu hilo kabla jicho halijaliona, na chuma hakijaujua upapasaji huo.

Kichwa cha joka kinajua siri ya duara

Fungua maelekezo ya mwanasesere wa kroshia kutoka nchi yoyote, na mara nyingi utakuta anaanza na vitanzi 6. Mzunguko wa pili vinakuwa 12, wa tatu 18, kisha 24, 30, 36. Kwa nini sita? Kitanzi kifupi cha kroshia kina kimo kinachokaribiana na upana wake. Kila mzunguko mpya unasogeza ukingo mbali na kitovu kwa kimo cha kitanzi kimoja, na duara likitanuka hivyo, mzingo wake huongezeka kwa pai mara mbili, yaani 6.28. Wafumaji wakaikata ile sehemu ndogo, wakabaki na 6.

Ukiongeza sita kila mzunguko, kazi inalala bapa kama chapati. Ukiacha kuongeza, kuta zinainuka. Ukianza kupunguza sita sita, zinajikunja na kufunga mpira. Sasa tuhesabu kichwa cha kawaida: kupanda kutoka 6 hadi 36 ni vitanzi 126, mizunguko 6 zaidi ya vitanzi 36 ni 216, kushuka kutoka 30 hadi 6 ni 90. Jumla 432, na bado hujagusa tumbo, mkia, miguu minne, pembe wala mabawa. Tena mizunguko hiyo haifungwi. Inapanda kwa mzongo bila kukatika, ndiyo maana mfumaji hodari huweka uzi wa rangi nyingine kama alama kwenye kitanzi cha kwanza. Akiruka kitanzi kimoja pasipo kujua, kichwa kinaanza kuinama upande.

Joka ana miaka zaidi ya 5,000, kroshia takriban 200

Watu wa utamaduni wa Hongshan, kaskazini mashariki mwa China, walichonga majoka ya jiwe la jade yaliyojikunja kama pete zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Kroshia? Maelekezo ya kwanza yaliyochapishwa ambayo wanahistoria wanayajua yalitoka katika jarida la Kiholanzi liitwalo Penélopé mwaka 1823. Mnyama mkongwe kabisa amevalishwa sanaa changa kabisa, na wala haikumkaa vibaya!

Kishungi chake kinafundisha hesabu za chuo kikuu

Hili ndilo nilipendalo kuliko yote. Ukitaka joka lako liwe na kishungi cha mawimbi shingoni, fuma vitanzi viwili ndani ya kila kitanzi kimoja, mzunguko baada ya mzunguko. Ukingo unakosa nafasi ya kulala, unaanza kujikunja na kufurika kama jani la sukuma. Umbo hilo wanahisabati huliita la kihaipaboli, na lina tabia za ajabu. Kwenye daftari la shule, ukichora mstari na nukta pembeni yake, mstari mmoja tu utapita kwenye nukta hiyo bila kukutana na ule wa kwanza. Kwenye kishungi cha joka, mistari ya namna hiyo haina idadi.

Tangu enzi za Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, kwa takriban miaka 2,000, wataalamu walihangaika kuthibitisha kwamba jambo hilo haliwezekani. Karne ya 19 ikaja kuonyesha kwamba linawezekana kabisa, ila kulionyesha kwa macho ikawa kazi nyingine. Walimu walibandika vipande vya karatasi, vikachanika mikononi mwa wanafunzi. Mwaka 1997 Daina Taimina, mwanahisabati kutoka Latvia aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alichukua uzi na sindano ya kroshia, akalifuma umbo lenyewe. Wanafunzi wake wakaweza kulishika, kulikunja na kuchora mistari juu yake kwa uzi. Kitabu alichokiandika kuhusu kazi hiyo kilipata tuzo ya jina la kitabu la ajabu kuliko yote la mwaka 2009, kisha mwaka 2012 kikapata Tuzo ya Euler ya vitabu vya hisabati. Sijui kitabu kingine kilichobeba taji zote mbili.

Haikuishia hapo. Matumbawe na majani mengi ya baharini yamejikunja kwa kanuni hiyohiyo, kwa hiyo dada wawili wenye asili ya Australia, Margaret na Christine Wertheim, walianza mwaka 2005 kufuma mwamba mzima wa matumbawe kwa kroshia ili watu wauone uzuri unaopotea bahari inapopata joto. Maelfu ya wafumaji wakajiunga nao, na mwaka 2019 kazi hiyo ilionyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice.

Kuna kanuni ya kulifanya joka lipendeke

Mwaka 1943 Konrad Lorenz, mtaalamu wa tabia za wanyama kutoka Austria, aliorodhesha mambo yanayotufanya tuyeyuke mbele ya kichanga: kichwa kikubwa kuliko mwili, paji pana la uso, macho makubwa yaliyokaa chini, mashavu ya mviringo, miguu na mikono mifupi. Wafumaji wa Japani, walioikuza sanaa ya wanasesere wadogo wa kroshia iitwayo amigurumi, wanaifuata orodha hiyo kwa uaminifu mkubwa. Shusha macho ya joka mizunguko miwili, yatenganishe kidogo, na yule mla watu wa hadithi anageuka mtoto anayeomba kubebwa.

Na uzuri wa namna hiyo una kazi. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hiroshima waliwapa wanafunzi picha za watoto wa mbwa na wa paka kabla ya mchezo wa kutoa vipande vidogo kwenye matundu bila kugusa kingo. Walioona vichanga walitulia na kufanya vizuri kuliko walioona wanyama wakubwa. Labda ndiyo sababu joka linapokaribia kumalizika na uso wake kutokea, mikono ya mfumaji huongeza uangalifu. Hilo la mwisho ni wazo langu, watafiti hawakulisema.

Mnyama wa Malindi alipokelewa China kama kiumbe wa hadithi

Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi aliwasili katika ikulu ya mfalme wa China, Yongle, kwa njia ya bahari, zama za misafara ya amiri Zheng He. Mwaka mmoja kabla, twiga mwingine alikuwa ametumwa na mtawala wa Bengal. Watu wa ikulu walipoona shingo ile na madoa yale walisema huyu ni qilin, mnyama mtakatifu anayejitokeza pale tu mfalme mwema anapotawala, na ambaye wasanii wa China humchora akiwa na magamba ya joka. Kwa siku ile moja, mnyama anayetafuna majani ya migunga nyuma ya pwani yetu alisimama katika ukoo wa majoka! Ukifuma joka la manjano lenye madoa ya kahawia kwa mpenzi wa Malindi, una historia ya miaka 600 nyuma yako.

Magamba 117, wala si moja zaidi

Mapokeo ya Kichina yanalijenga joka kutokana na wanyama tisa: pembe za paa, kichwa cha ngamia, shingo ya nyoka, magamba ya samaki, kucha za tai, na kadhalika. Magamba yake yamehesabiwa kabisa: 81 ya nguvu ya yang na 36 ya nguvu ya yin. Joka la China huleta mvua, na kwa kawaida halina mabawa. Lile la Uingereza likiwa kwenye nembo lina mabawa na miguu minne. Likiwa na miwili tu, huhesabiwa kuwa mnyama mwingine. Basi muulize mpenzi wako anataka joka la wapi kabla hujakata uzi.

Damu ya joka hutoka mtini

Kisiwa cha Socotra ni cha Yemen, lakini kiko karibu zaidi na Pembe ya Afrika kuliko Bara Arabu. Huko huota mti wenye umbo la mwavuli uliofunguka juu, na ukiutia jeraha unatoa utomvu mwekundu unaoitwa damu ya joka. Pliny wa Roma aliandika kwamba rangi hiyo ni damu ya joka iliyochanganyika na ya tembo baada ya mapigano yao. Utomvu huo umetumika kama dawa, kama rangi na kama vanishi. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne ya 1, Periplus, kinautaja utomvu unaochuruzika mitini katika kisiwa hicho, na ndicho kitabu hichohicho kinachoitaja Rhapta, bandari ya kale ya pwani yetu ya Afrika Mashariki. Majahazi ya pepo za monsuni yamepita jirani na miti hiyo kwa karne nyingi.

Waridi lililoota kwenye damu

Katika Catalonia, Hispania, husimuliwa kwamba Mtakatifu George alimuua joka aliyekuwa karibu kumla binti mfalme, na pale damu ilipomwagika ukaota mwaridi. Shujaa akachuma ua, akampa binti. Kwa ajili hiyo kila tarehe 23 Aprili mitaa ya Barcelona hujaa meza za mawaridi na vitabu, na wapenzi hupeana. Mwaka 1995 UNESCO ikaifanya tarehe hiyo kuwa siku ya vitabu duniani, kwa kuwa pia waandishi Cervantes na Shakespeare wanakumbukwa kufariki tarehe hiyo mwaka 1616. Kuna wapenzi wanaosubiri Februari 14. Wewe mwenye joka la kroshia una Aprili.

Laana ya sweta

Wafumaji wa Ulaya na Marekani wana imani ya zamani: ukimfumia mchumba sweta, uhusiano utavunjika kabla hujamaliza mkono wa pili. Baadhi yao hulisema huku wakiogopa kweli, na wapo wanaongoja mpaka ndoa ifungwe. Sweta lina vipimo vya mwili, linabana, linawasha, na aliyepewa analazimika kulivaa. Joka linakaa tu juu ya mto kitandani na kumtazama.

Vijiko vya mapenzi vya Wales

Wales, nchi yenye joka jekundu kwenye bendera yake, ina desturi ya kijana kumchongea msichana kijiko cha mti. Kimoja kilichohifadhiwa katika makumbusho ya St Fagans, karibu na Cardiff, kimeandikwa mwaka 1667. Kila mchongo una ujumbe: kufuli ni ahadi ya makao salama, na vigololi vilivyofungiwa ndani ya kizimba kilichochongwa kwenye mpini vinahesabu watoto wanaotamaniwa. Vigololi hivyo havikutiwa baadaye. Vimechongwa humohumo ndani ya kipande kimoja cha mti. Majoka nayo hutokea kwenye vijiko vya siku hizi, kama alama ya ulinzi.

Pwani yetu inaielewa lugha hiyo. Kofia ya viua ya Lamu na Unguja hushonwa kwa mkono, kijitundu kwa kijitundu, na mke au mchumba aliyemshonea mwanamume wake huiona kazi yake ikipita barabarani kila Ijumaa.

Sindano iliyolisha familia

Njaa kubwa ilipoikumba Ireland kuanzia mwaka 1845, viazi vikioza mashambani, watu wapatao milioni moja walikufa na wengine milioni moja hivi wakahama. Katika Cork watawa wa shirika la Ursula waliwafundisha wanawake na wasichana kufuma lesi kwa kroshia, nao wakaiuza kwa matajiri. Kroshia ilihitaji uzi, sindano moja na mwanga wa mlangoni, basi. Malkia Victoria mwenyewe aliipenda na kujifunza, na uzeeni aliwafumia skafu askari waliopigana Afrika Kusini. Wale wafumaji wa Cork, hata hivyo, ndio ninaowavulia kofia: kazi iliyokuwa burudani ya mabibi wa nyumba kubwa waliigeuza kuwa unga na nauli ya meli.

Tumbo la joka linaweza kuelea

Wengi tumelalia mito ya sufi. Kila unyuzi wa sufi ni bomba jembamba lililojaa hewa, takriban asilimia 80 ya ujazo wake, tena umepakwa nta ya asili isiyopenda maji. Kwa sababu hiyo majaketi ya kuokolea mabaharia wakati wa vita viwili vya dunia yalijazwa sufi. Joka la sufi ni jepesi ajabu, ila likifuliwa sana hufanya mabonge, ndiyo maana wafumaji wengi leo hutumia pamba ya poliesta.

Ukijaza, jaza kidogo kidogo, na shingo ikaze kuliko tumbo. Joka hulegea shingoni kwanza. Tena chagua sindano ndogo kuliko ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya uzi. Vitanzi vikibanana, pamba haichungulii.

Watafiti wamepima mapenzi yaliyomo ndani ya kazi ya mkono

Mwaka 2015 Christoph Fuchs, Martin Schreier na Stijn van Osselaer walichapisha utafiti kuhusu bidhaa za mikono. Waligundua kwamba watu huziona kana kwamba zina mapenzi ndani yake, na huzichagua zaidi wanapomnunulia mtu wampendaye kuliko wanapomnunulia mtu wa kawaida. Utafiti mwingine, wa Michael Norton na wenzake, ulitoka mwaka 2012: watu waliokunja wenyewe vinyama vya karatasi walivithamini karibu mara tano zaidi ya watazamaji. Kwa hiyo mfumaji akikuletea joka lenye sikio moja juu na jingine chini, huku macho yake yakimeremeta kwa fahari, jua kwamba analiona zuri kwa dhati kabisa.

Joka la kweli lina meno ya chuma

Kenge wakubwa wa Komodo, wanaoishi katika visiwa vichache vya Indonesia, hufikia urefu wa mita 3. Mwaka 2024 wanasayansi wakiongozwa na Chuo cha King's cha London walitangaza kwamba ncha na makali ya meno yao yamefunikwa kwa tabaka jembamba lenye madini ya chuma, linaloonekana kwa rangi ya machungwa. Na katika mambo ya mapenzi wana ajabu yao: mwaka 2006 ilithibitika kwamba Flora, jike wa bustani ya wanyama ya Chester, Uingereza, alitaga mayai yenye vijusi bila kuwahi kukutana na dume. Watoto wanaozaliwa kwa njia hiyo wote huwa madume.

Joka lako likiwa na meno, basi, malizia ncha zake kwa uzi wa rangi ya machungwa. Vitanzi viwili kila jino vinatosha.